Mfarishi wa Dola Tano

Mwanamke alifika mbele ya nyumba ya mwalimu wa sanaa akiwa juu ya mkokoteni wa maksai, mzigo kaupakata mapajani. Mzigo ulikuwa ndani ya mfuko safi wa unga, na mfuko wa unga ndani ya gunia. Mji ni Athens, jimbo la Georgia, Kusini mwa Marekani. Miaka ya 1890 ndiyo kwanza inaanza. Alitaka dola 10. Mwenye nyumba akasema anazo 5 tu. Mwanamke akatoka nje kushauriana na mumewe, akarudi akasema kwamba kwa ugumu wa nyakati hizi mzee kaona heri azishike hizo hizo.

Muuzaji ni Harriet Powers, aliyezaliwa utumwani tarehe 29 Oktoba 1837, akaolewa na Armstead Powers, akazaa watoto wengi na kuzika baadhi yao. Baada ya ukombozi yeye na mumewe walifika kumiliki shamba dogo la ekari nne, ambalo baadaye walianza kuliuza kidogo kidogo. Mnunuzi ni Jennie Smith, mwanamke wa kizungu, mchoraji na mwalimu katika shule ya wasichana ya Lucy Cobb Institute hapo hapo Athens. Kilichomo ndani ya gunia ni mfarishi: kitambaa cha juu, bitana ya chini, pamba katikati, vyote vimeshikwa kwa mishono. Juu yake pameshonewa vipande vilivyokatwa kwa umbo la watu, wanyama, nyota na malaika. Picha 11, zote za Biblia, kuanzia bustani ya Edeni hadi Familia Takatifu.

Tunaoshona viraka tunakipenda kisa hiki kwa sababu ya zile dola tano. Kinatupa hasira tamu. Nimekisimulia mara nyingi nikiwa na sindano mkononi, na kila mara wasikilizaji huguna mahali pale pale. Mimi nilikuja kuona kwa kuchelewa kwamba bei si sehemu nzito kuliko zote. Nzito zaidi ni kilichotokea baada ya fedha kupokewa na kabla Harriet hajapanda tena mkokoteni: alisimama akaeleza kila picha, moja baada ya moja, kwa dhati yake yote, na Smith akayaandika maelezo yale.

Ile ndiyo lebo ya mfarishi ule. Ilisemwa na aliyeshona, ikaandikwa na aliyenunua.

Turudi nyuma kidogo. Smith aliuona mfarishi kwa mara ya kwanza mwaka 1886, katika maonyesho ya pamba pale Athens. Ulikuwa umetundikwa kati ya mazao na kazi za mikono. Akamtafuta aliyeushona hadi akampata, akataka kuununua. Harriet akakataa; hakuwa anauza kwa bei yoyote. Miaka kama minne ikapita, hali ikawa ngumu, Harriet akatuma habari kwamba sasa anauza kwa dola 10. Safari hiyo Smith ndiye aliyekuwa hana kitu. Baadaye akatuma neno kwamba kama bado unauzwa, atauchukua. Ndipo ukaja ule mkokoteni. Kwa hiyo mtu asidhani ni mnunuzi aliyemvizia fukara siku moja akampora. Pande zote mbili zilizungukana kwa miaka. Hata hivyo nusu bei ni nusu bei, na aliyetoka na mzigo mwepesi alikuwa Harriet.

Malipo yenyewe hayakuishia kwenye dola tano. Smith anaandika kwamba Harriet alifarijika kidogo alipoahidiwa kuwekewa mabaki yote ya vitambaa ya mwenye nyumba. Mabaki! Watu wengi hulipita neno hilo. Mtu asiyeshona atasema ni dharau kumlipa mtu kwa vipande vya kutupwa. Mtu anayeshona anajua kipande cha chiti cheupe chenye kitone cha buluu kinavyoweza kukukosesha usingizi wiki nzima kwa sababu umekimaliza, na ua la mwisho bado halijakamilika. Yule mama aliuza mfarishi, akaondoka na ahadi ya kuanza mwingine. Na alirudi pale nyumbani mara kadhaa, si kudai, bali kuutazama. Smith anasema alikuja kumzuru mtoto wa ubongo wake.

Sasa tuyatazame maneno yenyewe, maana ndiyo yanayotuonyesha kazi ya lebo.

Katika mojawapo ya picha yupo Yuda Iskariote na vipande 30 vya fedha. Ukiutazama mfarishi bila kuambiwa, fedha huioni. Unaona viduara vya chiti cha kijani. Harriet alikuwa na kijani, akashona fedha kwa kijani. Kila mshona viraka atamwelewa: unaanza na kilichomo kapuni, si na kilichomo kichwani. Chini ya miguu ya Yuda lipo duara moja kubwa. Ni nini? Sarafu? Jua? Maelezo yanasema ni nyota iliyotokea mwaka 1886 kwa mara ya kwanza baada ya miaka 300. Mtu angeweza kukaa mbele ya duara lile siku nzima na asilipate hilo. Na kwa kutaja mwaka 1886, duara hilo linatusaidia kujua mfarishi ulimalizwa lini.

Mfarishi wa pili ndio unaonitoa jasho zaidi. Ule wa kwanza ulionyeshwa Atlanta mwaka 1895, katika maonyesho makubwa ya majimbo ya pamba, na miaka mitatu baadaye wake wa walimu wa Chuo Kikuu cha Atlanta walimkabidhi mchungaji mmoja wa New York, Charles Cuthbert Hall, mfarishi mwingine wa Harriet Powers. Huu una picha 15, na nyingine si za Biblia tena. Ni mambo yaliyotokea, au yaliyosimuliwa kuwa yalitokea: giza la mchana la tarehe 19 Mei 1780, ng'ombe wakaenda kulala na kuku wakapanda kwenye vituo vyao, nyota zilizoanguka tarehe 13 Novemba 1833, watu wakadhani mwisho umefika, usiku wa mwanga mwekundu wa mwaka 1846, na Alhamisi ya baridi, 10 Februari 1895. Maelezo ya picha hiyo ya mwisho nimeyakariri: mwanamke aliyeganda akiwa anasali, mwanamke mwingine aliyeganda langoni, mwanamume mwenye gunia la unga, mwanamume mwingine aliyegandia kwenye gudulia lake la pombe, na vipande vya barafu vilivyofanyika kutokana na pumzi ya nyumbu.

Kuna na nguruwe. Katika picha inayohusu matajiri ambao hawakufundishwa habari za Mungu, chini yao amesimama nguruwe jike. Maelezo yanasema ni nguruwe aliyejitegemea, aliyekimbia maili 500 kutoka Georgia hadi Virginia, na jina lake Betts.

Toa maneno hayo, unabaki na nini? Kitambaa chenye umbo la nguruwe. Wataalamu wangeandika kurasa juu ya nguruwe katika Agano Jipya, mapepo yaliyowaingia wale nguruwe wakatumbukia ziwani, na wote wangekuwa wamekosea. Betts angepotea. Sijui mfano mzuri kuliko huu wa kumwonyesha mtu anayesema, "Kazi yangu itajieleza yenyewe." Haijielezi. Kazi ya viraka hasa haijielezi, kwa sababu kila kipande kina historia yake ambayo haionekani: hili lilikuwa gauni la harusi, hili pazia, hili shati la marehemu.

Tarehe nazo zinanishangaza. Mwanamke huyu alikuwa mtunza tarehe hodari. 1780 ilikuwa zamani kabla hajazaliwa. 1833 ni miaka minne kabla yake. Alizipokea kwa masimulizi, akazibeba, akazishona. Anataja siku, mwezi na mwaka. Lakini juu ya vitambaa vyenyewe hakuna tarehe ya kushonwa wala jina la mshonaji. Ndiyo maana makumbusho huandika "1885–1886" kwa ule wa kwanza na "1895–1898" kwa ule wa pili: wanakisia kwa kushika ncha mbili. Aliandika tarehe za mbingu, yake hakuiandika.

Hapa mtu atasema, basi pengine hakujua kusoma wala kuandika. Kwa miaka mingi ndivyo ilivyodhaniwa. Lakini ipo nakala ya barua yake ya mwaka 1896 kwa mwanamke wa Keokuk, Iowa, ambayo mtafiti Kyra Hicks aliileta hadharani mwaka 2009. Kutokana na barua hiyo twajua kwamba Harriet alijua kusoma, na kwamba alishona mifarishi mingine zaidi ya hii miwili. Hiyo mingine haionekani. Ilishonwa na mikono ile ile, kwa jicho lile lile, ila haikuwa na karatasi iliyofuatana nayo. Labda mmoja wao ulitandikwa kwenye sakafu ya gari mpaka ukachanika. Miwili iliyobaki ni ile miwili yenye maelezo, na siamini kwamba hilo limetokea kwa bahati.

Lakini lebo iliyoandikwa na mnunuzi ina ladha ya mnunuzi. Smith alimheshimu Harriet kwa namna yake. Bila yeye tusingekuwa na kisa. Pamoja na hayo, alipoandika maneno ya Harriet aliyaandika kwa tahajia ya kuigiza matamshi, ili msomaji wa kizungu acheke kidogo: nyoka akaandikwa vibaya kwa makusudi, "kudanganya" kukaandikwa vibaya kwa makusudi. Anatia na mizaha yake mwenyewe. Kwenye picha ya Edeni anatuambia kwamba mnyama pekee aliyewekwa miguu ni yule ambaye hana miguu, yaani nyoka. Mzaha mzuri, sikatai. Ila msomaji wa Biblia angejibu papo hapo: nyoka aliambiwa atakwenda kwa tumbo baada ya dhambi, na katika picha ile dhambi ndiyo kwanza inanong'onwa. Miguu ipo mahali pake! Huenda Harriet alilisema hilo na mwandishi hakulisikia. Huenda hakuona haja ya kulisema. Lebo ingekuwa ya mkono wake, mzaha huo usingekuwapo, na nyoka angekuwa na haki zake.

Hata kifo chake kilikosewa mwaka. Vitabu viliandika 1911, hadi mwaka 2005 jiwe la kaburi lake na la mumewe lilipoonekana tena katika makaburi ya Gospel Pilgrim, Athens. Limeandikwa 1 Januari 1910.

Mfarishi wa Biblia ulifika makumbusho ya Smithsonian, Washington, mwishoni mwa miaka ya 1960, kupitia kwa msimamizi wa mirathi ya Smith. Ule wa picha 15 uko katika Makumbusho ya Sanaa ya Boston tangu 1964. Mwaka 1992 Smithsonian iliruhusu mifarishi yake kadhaa ya kale, huu ukiwamo, itengenezewe nakala za kuuzwa kwa bei nafuu, zilizoshonwa China. Washonaji wa Marekani walikuja juu. Walikuwa na malalamiko mengi, lakini moja lilikuwa la kifundi kabisa: nakala zinahitaji alama isiyobanduka, la sivyo baada ya miaka hamsini nani ataweza kutofautisha? Nimelipenda lalamiko hilo kwa sababu linaonyesha kwamba kutokuwa na lebo kunamwumiza hata asiyehusika. Mwaka 2021 mifarishi yote miwili ilitundikwa pamoja Boston kwa mara ya kwanza. Miaka zaidi ya mia baada ya kushonwa ndipo ikaonana.

Kwa nini mtu wa pwani ya Afrika Mashariki ajisumbue na haya? Kwanza kwa sababu ya kitambaa chenyewe. Mwaka huo huo wa 1837 aliozaliwa Harriet, Richard Waters wa Salem, Massachusetts, alianza kazi Unguja akiwa konseli wa kwanza wa Marekani, na shehena kubwa waliyokuwa wakileta watu wa Salem ilikuwa kitambaa cha pamba kisichopaushwa. Pamba ya Kusini, iliyolimwa na watumwa, ikifumwa katika viwanda vya New England, ikavaliwa kwetu. Ndiyo merikani, na jina hilo bado tunalitaja dukani bila kufikiri. Vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 vilipokata pamba, soko likachukuliwa na vitambaa vya Uingereza na India. Bitana yangu ya kila mfarishi ni merikani.

Pili, sisi ni watu wa kitambaa chenye maneno. Leso zilianza kwa kiraka: wanawake walinunua vitambaa vya mkono vya Kireno, wakaviunga sita kwa mshono, vitatu juu na vitatu chini, wakajifunga. Baadaye kanga ikapata pindo, mji na jina, na jina likawa limeandikwa humo humo kwenye kitambaa, halibanduki. Zile za duka la K.H.E. la Mombasa zina na alama ya mwenye biashara, Mali ya Abdulla. Mfanyabiashara alijiandika. Msemo umeandikwa. Aliyeivaa ndiye hajaandikwa popote.

Kwetu upo mfarishi wa bibi yangu, mzaa mama. Una kanga zisizopungua nane ndani yake, nyingine zimekatwa katikati ya jina. Kipande kimoja kimebakiwa na neno HAUOZI, na sote twajua kilichotangulia ni WEMA. Lakini kanga hiyo ilikuwa ya nani? Mama anasema ni ya marehemu dada yake. Mama mdogo anasema hapana, ni ya jirani aliyehama. Wamebishana juu ya kipande cha shubiri mbili tangu nilipokuwa mdogo, na bibi, ambaye angekata shauri kwa neno moja, hayupo.

Kwa hiyo lebo naandika mwenyewe, kwa mkono, kabla mfarishi haujatoka nyumbani. Nakata kipande cha merikani kilichofuliwa na kupigwa pasi, ukubwa wa kiganja. Chini yake naweka karatasi ya msasa laini, upande wa mchanga ukiwa juu. Kitambaa kinang'ang'ania hapo, kalamu haikivuti. Kalamu ya biki haifai, wino unatambaa na ukifua unageuka zambarau. Natumia kalamu ya wino wa kudumu yenye ncha nyembamba, naandika polepole, naacha ikauke siku nzima, kisha napiga pasi ya moto bila maji. Nikiwa na muda napitisha uzi juu ya herufi kwa mshono wa kurudi nyuma. Na naishona lebo kwenye bitana kabla sijaunga tabaka tatu, ili mishono ya mfarishi ipite juu yake. Anayetaka kuibandua itambidi afumue mfarishi.

Nini kinaandikwa? Jina langu, mji, mwaka, na anayepewa. Watu wengi wanaishia hapo. Tangu nisome habari za Betts naongeza mstari wa vipande: hiki cha nani, kile cha nani, na kama kuna picha, picha ni ya nini. Wengine hunicheka kwamba naandika barua. Na iwe barua.

Mabaki yangu mengi yanatoka kwa fundi mmoja wa cherehani, mzee, ananiwekea kwenye mfuko wa salfeti nyuma ya mlango. Nilipitia kwake juzi na mfarishi uliokwisha, wa mjukuu wa rafiki yangu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Ndiyo ule?"

Akaufungua juu ya meza, akavitambua vitenge vyake kimoja kimoja: hiki cha bi harusi wa mwezi wa nane, hiki cha sare ya kwaya, hiki alikosea kukata akalipa mwenyewe. Nilikuwa sijui hata kimoja. Kisha akaugeuza, akaiona lebo, akavaa miwani.

"Umeandika mabaki ya fundi," akasema. "Fundi hana jina?"

Nikatoa kalamu hapo hapo, bila msasa, meza ikiyumba. Nafasi ilikuwa imekwisha, kwa hiyo jina lake limepanda pembeni, limepinda kidogo, na herufi ya mwisho imegusa mshono.